Mama, Mchungaji na Kichwa cha Habari

Jumanne, 14 Julai. Ipogolo. Asubuhi ukungu na baridi kali, jua limetoka saa nne.

Ushauri niliousoma ulisema kichwa cha habari kwenye blogu kivute macho. Basi jana nikafuta "Namna ya kupika mchele wa Madibira", nikaweka "Mama yangu aliunguza wali wa mchungaji". Wasomaji wamekuja kweli. Wengi ni wanakwaya wenzake Mama, kule Igawa.

Mchana akapiga simu, hakusalimia hata.

"Wewe Tumaini, mimi niliunguza wali?"

"Mama, ni kichwa tu, cha kuvuta watu."

"Umewavuta! Kwaya nzima inaniuliza kama na mboga iliungua. Ule ulikuwa ukoko, na mchungaji aliomba aongezewe!"

Nikasema naifuta, ingawa ndiyo makala yangu pekee iliyosomwa nje ya familia. Akakataa. Nikiifuta, watasema ni kweli.

"Andika," akasema, akanisomea polepole kama imla: "Mchungaji alivyomaliza ukoko wa mama yangu."

Nimeandika hivyo hivyo. Mama ameridhika, wasomaji wameongezeka. Ila mchungaji naye ana simu, na namba yangu anayo.

Nimeizima yangu. Nalala saa nne na nusu.