Mbwa wa Kutulo

Garissa, 18 Januari 2026

Kwa wifi yangu Gumato,

Asalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na hooyo, mama yetu, na mbuzi wote, hata yule mweusi anayekula nguo. Mimi mzima, alhamdulillahi, isipokuwa mbu wa Mto Tana wamenigeuza karamu.

Simu shuleni ni marufuku, ndiyo maana naandika. Keynan, kondakta wa basi la Mandera, ameahidi kukufikishia mkononi. Asipofanya hivyo, mwambie nitamshtaki kwa mama yake.

Siku naondoka uliniomba nikueleze kila kitu kuhusu hiki Kiingereza cha Juu, ili usome na wewe kupitia kwangu. Basi sikiliza. Gredi ya kumi hapa ni kubwa, lakini waliochagua somo hili ni wachache, tunaenea kwenye meza moja ya maktaba. Nilidhani tutafundishwa maneno makubwa ya kutishia watu. Wapi! Mwalimu Weris alituambia mapema tusitarajie hayo. Tutarajie kusoma hadithi ileile mpaka tuichoke, kuandika insha na kuiandika upya akishaikatakata, na kusimama mbele ya wenzetu tukiongea bila kuangalia daftari. Na tutarajie swali lake, ambalo haliishi: "Usiniambie mwandishi amesema nini. Hilo naliona. Niambie ananyamazia nini."

Mimi aibu ilinipata mapema. Lile neno la Kiingereza la "watu" lina p mbili, na Kisomali chetu hakina p hata moja, basi nilizitoa zote mbili zikiwa b. Meza nzima ilicheka. Mwalimu hakucheka. Alinipa kipande cha karatasi nikishike mbele ya mdomo. Ukitamka p sawasawa, karatasi inatikisika. Ukitamka b, inatulia. Yangu imetulia wiki nzima.

Msalimie hooyo. Mwambie nakula.

Wifi yako,
Deka


Kutulo, 2 Februari 2026

Kwa wifi yangu mdogo Deka,

Wa aleikum salaam. Na nagaa pia, amani, kama tunavyosalimiana kwetu Waborana. Barua yako nimeipata inanuka miraa, lakini maneno yote yapo. Hooyo mzima, mgongo tu. Mbuzi mweusi amekula shuka lako la maua, usiulize mengi.

Nimeisoma mara nyingi kama mwalimu wako anavyotaka. Karatasi nimeijaribu mimi pia, jikoni. Imetulia kama yako. Kumbe sisi wawili mwalimu wetu ni mmoja.

Kiswahili changu unakijua ni cha darasa la nane, usinicheke. Kaka yako Aweys yuko Mandera na lori tangu wiki uliyoondoka. Akipita hapa analala usiku mmoja, anauliza kama unga upo, anaondoka. Hooyo na mimi tunapendana kwa vidole. Yeye ananionyesha sufuria, mimi namwonyesha kuni. Kisomali changu kinatosha kuuzia maziwa tu, na yeye Kiborana hana hata neno moja. Ulipokuwepo tulikuwa tunaongea Kiswahili chetu kibovu mpaka ulimi unachoka. Sasa ulimi wangu umepumzika mno.

Tangu uende, ubweke umeingia nyumba hii. Asubuhi kuna kazi, unapungua. Jioni unazidi. Hooyo hausikii, au anausikia na hasemi. Shule ikifungwa Aprili tafadhali njoo. Nadhani ukiingia wewe, wenyewe utatoka.

Wifi yako,
Gumato


Garissa, 13 Februari 2026

Kwa wifi yangu Gumato,

Asalaam aleikum. Hamjambo huko? Sisi tunangoja mwezi wa Ramadhani, na mpishi wetu keshaanza kuficha sukari.

Kwanza nikupe kichekesho. Wenzangu wa bwenini waliona mwisho wa barua yako umeandika "wifi yako". Sasa kila jioni mmoja ananiuliza kama wifi yangu ina nguvu leo, na kama ninaweza kumgawia kidogo. Nimewaambia yangu inatoka Kutulo hadi Garissa bila mlingoti.

Pili, nikucheke wewe kidogo, usinune. Sauti ya mbwa si "ubweke", wifi. Ni mbweko. Mbwa anabweka, anatoa mbweko. Mwalimu wetu wa Kiswahili angekukata alama. Na huyo mbwa ni wa nani? Hooyo unamjua, akisikia mbwa amepita karibu na mkeka wake wa kuswalia atafua nyumba nzima. Mtupie mawe. Wasipokuwa na mifupa wanahama wenyewe.

Darasani tumeanza hadithi mpya. Mwanamke analinda kisima siku nzima na anasema hajachoka. Mwalimu Weris akauliza, mtu ambaye hajachoka ana haja gani ya kusema hajachoka? Nilinyoosha mkono nikajibu, na akasema nina jicho. Mimi, Deka wa Kutulo, nina jicho! Na Aprili nitakuja, nakuahidi.

Wifi yako,
Deka


Kutulo, 25 Februari 2026

Kwa wifi yangu mdogo Deka,

Wa aleikum salaam. Ramadhani karim. Hooyo amefunga vizuri, mimi pia.

Asante kwa kunisahihisha. Basi ni mbwa. Nimemtupia mawe, haondoki. Majirani wakija anajificha, wakienda zao anarudi kulala miguuni pangu. Hana mwenyewe. Hataki mifupa.

Hooyo anafuturu kwa dada yako Kaaha, kwenye wajukuu. Huniita, nami huenda naye. Kule watu wanacheka kwa Kisomali, na mimi nacheka nikiwa nimechelewa, wenzangu wakishanyamaza. Mtoto mdogo wa Kaaha huniangalia sana. Mbwa hunifuata hata huko, anakaa kati yangu na sahani ya sambusa.

Nimefurahi una jicho. Aprili si mbali.

Wifi yako,
Gumato


Garissa, 8 Machi 2026

Kwa wifi yangu Gumato,

Asalaam aleikum, na saumu njema. Mimi nafuturu uji, tende na kelele. Usinihurumie.

Nisamehe kuchelewa. Insha zimetuzidi, na nina habari ambayo hutaamini. Tuliambiwa tuandike kuhusu kitu cha nyumbani ambacho wageni hawakioni. Nikamwandika mbwa wako! Jinsi anavyojificha majirani wakija, anavyokataa mifupa, anavyokaa karibu na sahani ya sambusa. Mwalimu Weris aliisoma mbele ya wote, na mwisho akaandika kwa wino mwekundu: "Mbwa huyu ni nani?" Nikamwambia ni mbwa tu, mwalimu, mbwa koko wa Kutulo. Akanirudishia karatasi.

Kwa insha hiyo nimechaguliwa kwenye mashindano ya kuzungumza kwa Kiingereza. Mazoezi ni likizo nzima. Kwa hiyo Aprili sitakuja, wifi. Nitakaa hapa hapa Garissa, mtaa wa Waberi, kwa eddo Safiyo, dada yake baba, ambaye ananipenda na hasemi chochote ila "kula". Nimemtumia hooyo habari, amekubali. Najua nilikuahidi. Lakini hii ikipita hairudi, na Agosti itafika tu.

P yangu sasa inatikisa karatasi nikiwa makini. Nikisahau, inarudi kuwa b.

Mbwa ameondoka?

Wifi yako,
Deka


Kutulo, 16 Machi 2026

Kwa wifi yangu mdogo Deka,

Wa aleikum salaam. Hooyo hajambo.

Mungu akupe ushindi. Usiache mashindano kwa sababu ya nyumbani, hapa hakuna kilichobadilika. Mbwa nimemzoea, na yeye amenizoea.

Eid njema, kama barua itachelewa.

Wifi yako,
Gumato


Garissa, 27 Machi 2026

Wifi yangu Gumato,

Salamu zako za Eid zilifika baada ya Eid. Uko mzima? Nijibu hilo kwanza, hata kama hutajibu mengine.

Leo tulimaliza hadithi ya mwanamke wa kisima. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna neno ambalo wengi hatukulijua, Mwalimu Weris akauliza nani anaweza kulitoa kwa Kiswahili. Zeinab, msichana wa Hola anayekaa mbele yangu, akasema, "Upweke." Mwalimu akanigeukia. "Deka, lirudie. Ni zoezi zuri la p."

Nikashika karatasi. Nikasema, "Ubweke."

Karatasi ilitulia. Zeinab akasema, "Deka anataka nani abweke?" Wakacheka, na mimi nikaanza kucheka nao. Halafu nikasikia nilichosema. Nikaomba ruhusa ya kwenda msalani, nikaenda bwenini, nikatoa barua zako chini ya godoro.

Hapakuwa na mbwa, wifi.

Uliniandikia tangu Februari kwamba upweke umeingia nyumba ile, na mimi nikakuambia uutupie mawe. Nikakusahihisha Kiswahili. Halafu nikauchukua nikauandikia insha, nikapigiwa makofi. Mtu ambaye hajawahi kukuona aliuliza mbwa huyu ni nani, na mimi niliyekula nawe sinia moja nikajibu ni mbwa tu. Nina jicho! Natamani kulitoa.

Na nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi pia ninao. Huku nacheka sana, wananipenda, lakini zikizimwa taa najikuta nahesabu majina ya mbuzi. Nilikuwa naufunika kwa alama. Ningekuambia hivyo Januari, pengine tungeelewana bila Kiswahili wala Kiingereza.

Nimemwambia Mwalimu Weris achukue mtu mwingine kwenye mashindano. Aliuliza sababu, nikamwambia nimepata jibu la swali lake. Shule ikifungwa napanda basi. Ningoje. Weka chai, tutaongea mpaka hooyo atufukuze.

Wifi yako, anayekuja,
Deka


Wajir, 9 Aprili 2026

Kwa Deka,

Asalaam aleikum. Mimi mzima, nimekujibu hilo kwanza. Mama yangu mzima, wadogo zangu wazima. Natumai na wewe, na mgongo wa hooyo.

Barua yako tulipishana nayo njiani. Mimi nilikuwa nakuja Wajir, yenyewe ilikuwa inaenda Kutulo. Keynan hakunikuta, akakaa nayo mpaka aliposikia niko wapi. Ameniambia na wewe umefika, kwamba alikushusha mbele ya nyumba, ukaenda moja kwa moja kwenye mlango wangu ukasimama pale na begi mgongoni. Kama ningejua unakuja ningengoja. Hilo ndilo linaloniuma.

Usimlaumu kaka yako. Hajanifanyia ubaya. Hajanifanyia lolote, na hiyo ndiyo tabu yenyewe. Siku ya Eid alipiga simu akaongea na hooyo, kisha akasahau kuomba nipewe simu. Kesho yake nilimwambia nataka kurudi kwetu. Talaka alinipa kwa simu, kwa upole, akaniombea heri. Hooyo alilia. Alinishika uso akasema maneno mengi, na kwa mara ya kwanza niliyaelewa yote, sijui kwa lugha gani.

Wewe pia usijilaumu. Lile neno nililipata redioni. Mtangazaji alisoma ujumbe wa mwanamke fulani wa mjini, akasema ana hicho kitu, nikasema kumbe kina jina. Sikuwahi kuliona limeandikwa. Uliponiambia ni mbwa niliona afadhali, maana mbwa mtu anaweza kumsimulia. Hilo lingine ningeona haya.

Hapa kwetu kila mtu anaongea Kiborana. Wiki ya kwanza niliongea mpaka koo likakauka. Kisha jioni moja nimekaa nje, mama yuko pembeni anakamua, watoto wanakimbizana, nikamwona amefika. Amenifuata, Deka, safari yote ile. Nilidhani ni wa Kutulo. Sasa naona alikuwa wangu, na nyumba ile ilimpa tu mahali pa kulala.

Jana nilishika barua yako mbele ya mdomo, maana sikuwa na karatasi nyingine, nikalisema lile neno. Ilitikisika kidogo. Mama akauliza naongea na nani.

Rudi shuleni likizo ikiisha. Mwambie mwalimu wako akupe tena nafasi, mtu haachi darasa kama lile kwa sababu ya mbwa. Na ukirudi uendelee kuniambia mnachosoma, kama hutachoka.

Hapa chini nilikuwa nimeshaandika "wifi yako", nikakumbuka, nikafuta. Utaona karatasi imechakaa hapo. Sasa sijui mimi ni nani wako. Muulize Mwalimu Weris kama kuna neno, hata la Kiingereza, la mtu aliyekuwa wifi. Ukilipata niandikie, nilitie hapo palipofutika.

Gumato