Mzinga Nyuma ya Nyumba

Alhamisi.

Unayesoma haya, tafadhali, usimwambie mtu hata neno moja, hasa Mama Ayuma mwenye nyumba.

Leo ameniuliza, "Kijana wangu, nasikia una mzinga huko nyuma?"

Ninao. Ni gogo tupu, nyuki hujijengea masega wenyewe. Lakini mkataba unakataza mifugo. Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Na unakunywanga peke yako?"

Kumbe kwa "mzinga" alimaanisha chupa ya pombe. Kwa hofu ya kufukuzwa, nikasema ndiyo. Mimi, ambaye hata chai kali hunitetemesha.

"Basi kesho tunakuja na kina mama wa kanisa, na ngoma. Tutauombea huo mzinga palepale ulipo."

Nyuki wangu hawapendi ngoma.

Ukinitafuta kesho, usipitie nyuma. Bisha mbele, polepole. Nitakuwa chini ya kitanda, huenda pamoja na Mama Ayuma.