Msalaba Ukae Juu ya Kengele

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Msalaba unaweza kuchomelewa kwenye kengele ya kanisa bila kuua sauti, mradi usikae pale nyundo inapogonga. Amesema hivyo leo asubuhi fundi mmoja mwanamke, anayetengeneza nakala za kengele za kale katika karakana ya makumbusho hapa China. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi. Mimi ni mzima, na kazi ya gazeti inaendelea. Goti lako je? Mvua imefika Mbooni?

Nilimwonyesha picha ya mtungi wa gesi ambao ndugu yangu Mutua ameukata uwe kengele. Nikamweleza kwamba wewe, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, unataka msalaba mkubwa tumboni mwake, panapogongwa, mwanao amekataa, na tangu hapo hamsalimiani. Nikamtafsiria maneno yako: "Bila msalaba, hiyo ni rimu ya lori tu, kama zile zinazogongwa shuleni."

Akacheka. "Mwambie mama nakubaliana naye. Hata wafalme wetu hawakutaka kengele tupu."

Akanionyesha nakala yake, ya shaba iliyochanganywa na bati. Haina ulimi ndani. Hugongwa kwa nje. Sehemu ya juu ina safu za vinundu vinene kama chuchu za ng'ombe. Chini, panapogongwa, kuna majoka, lakini ni nakshi nyembamba, unaigundua kwa kidole. Akagonga katikati, ikalia. Pembeni, ikatoa sauti nyingine. Kisha akabandika donge la udongo pale katikati, akagonga tena. Ko! Kama sufuria iliyojaa isyo, mahindi na maharagwe.

"Ndugu yako anaogopa hiyo," akasema.

Basi Mutua hakukudharau, Mwaitu, na wewe hukukosea. Iwapo vinundu hivyo vinasaidia sauti au ni pambo tu, wataalamu wa hapa bado wanabishana, kwa hiyo usivitaje kwenye kamati.

Nisalimie shangazi anayeuza maembe Mukuyuni, na baba mdogo wa Kalamba. Mke wangu mwambie nitampigia simu kesho.

Mutua nimeshaongea naye, amekubali. Jumamosi asubuhi nenda karakanani kwake na msalaba wako. Ataushikiza juu, karibu na ndoano, kwa pointi mbili ndogo tu za kuchomelea. Nyundo ushike wewe. Ikilia vizuri, amalizie kuchomelea. Ikifa, aukate palepale, mjaribu juu zaidi. Jumapili kengele inatundikwa kabla ya ibada ya kwanza.

Mwanao,
Kioko