Upande Aliosimama Haron

Dagoretti, 16 Januari 1972

Mwanangu Sifuna,

Pokea salamu zangu, na kama kile kikohozi bado kiko nawe huko Mombasa niambie ukweli, usinifiche. Mimi ni mzima, ni magoti tu. Barua hii naandika mwenyewe. Mwalimu wa ngumbaru, lile darasa letu la watu wazima, amesahihisha mwanzo, halafu nikamwambia inatosha, mengine ni ya mtoto wangu.

Ile kamera uliyoniachia isiibwe huko kwenu bandarini imefanya kazi. Unajua mwenye nyumba wangu Wahu, rafiki yangu, na mzee wake Gichuru wameishi pamoja tangu wakati wa emajensi ya mkoloni bila kumaliza ndoa ya Kikuyu, maana mbuzi za kumaliza hazikupatikana. Desemba wamemaliza. Gichuru alikata ule mguu wa mbele wa mbuzi mbele ya wazee, akampa Wahu nyama, na hapo ndipo kwao mwanamke anaitwa mke. Wahu alilia kama msichana. Mimi nilipiga picha kama ulivyonifundisha, jua mgongoni, pumzi nimeizuia. Wazee wakanicheka, eti tangu lini mama wa sukuma wiki akawa mpiga picha.

Zilitoka tatu tu, na mbili ni ukungu mtupu, hata nyuso hazionekani. Nzuri ni ile ya kukata nyama. Niliipeleka River Road kwa fundi wa fremu, Kivuva, nimpe Wahu zawadi. Fundi akasema picha ni pana kuliko fremu, lazima akate upande mmoja. Upande huu kuna sufuria ya Wahu, upande ule kuna Haron, ndugu ya Gichuru, ameshika sinia ya nyama. Huyo Haron siku hiyo hiyo alimwita Wahu tasa mbele ya wageni, eti bibi harusi gani hana hata mtoto wa kumshikia maua. Sikufikiri mara mbili. Nikamwambia fundi, kata huyo. Umebaki mkono wake tu kwenye sinia. Wahu alipouona alicheka mpaka akakaa chini.

Na zile filamu nyeusi nilizopewa pamoja na picha nimezitia kwa jiko. Watu wana nyuso nyeupe na meno meusi, Gichuru kama mzimu. Kitu kama hicho hakikai karibu na maharusi.

Kula vizuri. Usilale na madirisha wazi.

Mimi mama yako,
Nanjala


Mombasa, 2 Februari 1972

Mayi wangu mpendwa,

Barua yako imenikuta salama, na kikohozi kimepungua, sikudanganyi. Nimewasomea wenzangu wa chumba, sasa wote wanataka uje uwapige picha na kuwakatia watu wasiowapenda.

Ila Mayi, zile za nyuso nyeupe hazikuwa mbaya. Picha inatoka kwa hizo. Ukiwa nazo, studio inaweza kukutolea picha nyingine nzima hata baada ya miaka mingi. Zikishachomwa, iliyobaki ni hiyo iliyo kwenye fremu, basi. Usihuzunike. Kosa ni langu, nilikufundisha kubonyeza tu.

Nisalimie Mama Wahu, mwambie nimefurahi sana. Pumzisha hayo magoti.

Mwanao,
Sifuna


Dagoretti, 20 Agosti 1972

Mwanangu Sifuna,

Nakusalimu, lakini moyo wangu hauko kwa salamu. Mzee Gichuru ametuacha. Alianza na tumbo mwezi wa sita, na wa saba tukamzika. Wahu hali chakula mpaka nimkalie.

Hata matanga hayajaisha, Haron akaja na kamba ya kupimia shamba. Anasema ndugu yake hakuoa, alikuwa akiishi tu na mwanamke, na mwanamke wa kuishi naye harithi kitu. Anasema hakuna mbuzi aliyekatwa. Wale wazee wawili waliokuja naye siku ile kwa upande wa Gichuru, mmoja amekufa, wa pili ni mkwe wa Haron na anasema amesahau. Jamaa za Wahu wanakumbuka, lakini wanaambiwa, ninyi mtasema nini kingine. Wazee wa ukoo wanataka waone kwamba mtu wa nyumba ya Gichuru alikuwepo nyama ikikatwa. Alikuwepo, Sifuna. Alikuwa ameshika sinia.

Nimekwenda River Road. Kivuva ni mtu mwema, alinitafutia mpaka chini ya meza yake, akaniambia, mama, vipande vinafagiliwa nje kila jioni.

Kwa hivyo nimempa dereva wa basi kamera akuletee. Ifungue uangalie ndani vizuri, wewe una macho ya kijana. Labda kitu kikishapita humo kinaacha alama, kama vile sufuria inabaki na harufu ya samaki hata ukiiosha. Wahu akifukuzwa hapa hana pengine pa kuitwa kwake. Silali.

Mama yako,
Nanjala


Mombasa, 5 Septemba 1972

Mayi,

Pole sana, na Mama Wahu umpe pole zangu nyingi zaidi. Mzee Gichuru alinipa koti lake nilipoondoka, bado ninalo.

Kamera imefika. Nimeifungua mwenyewe, kisha nikaipeleka kwa mpiga picha wa hapa Mwembe Tayari. Hakunicheka. Alisema hakuna kinachobaki humo, ni tupu kama debe. Nimeomba ruhusa nije nisimame nawe, nimekataliwa, meli ni nyingi.

Wapelekeeni wazee ile fremu hivyo hivyo. Angalia ule mkono, pengine una saa au kovu. Na uende kwa Haron mwenyewe, bila kelele. Mtu anaweza kudanganya ukoo mzima akashindwa mbele ya mama mmoja.

Mwanao,
Sifuna


Kangemi, 12 Novemba 1972

Mwanangu Sifuna,

Uzima wako ndio naomba kila asubuhi. Nimechelewa kujibu, nilikuwa nangoja nipate jambo zuri la kukuandikia, na halikuja.

Nilikwenda kwa Haron. Nilimkuta machinjioni akipanga ngozi. Nilimwita baba, nikamwambia ulikuwepo, nilikuona kwa jicho la kamera. Hakukasirika. Alinitafutia hata kiti. Kisha akasema, "Mama Sifuna, mimi sikuwepo. Wewe ndiye uliyenitoa."

Alikuwa anajua. Wahu alimwonyesha kila mgeni ile picha, wakacheka mkono usio na mwenyewe, na kicheko kikamfikia.

Wazee walikaa Oktoba. Fremu ilizunguka kutoka kwa huyu hadi kwa huyu. Ule mkono umefunikwa na koti jeusi mpaka vidoleni, hakuna saa, hakuna kovu, na koti jeusi kila mzee analo. Nilisimama nikasema nilichokiona. Mmoja akaniuliza sisi Wabukusu tunamaliza ndoa na mnyama gani, na kabla sijajibu mwingine akasema kuku, ile dhihaka yao ya siku zote kwetu. Watu wakacheka, na maneno yangu yakaishia hapo.

Wahu aliambiwa atoke. Alibeba kitanda na masufuria. Fremu aliiacha ukutani. Mimi sikuweza kukaa kwa nyumba ya Haron, ndiyo maana unaona nimehamia huku, karibu na mtaa wa Mountain View ninakofua nguo za watu. Kamera ibaki kwako.

Jumapili nilikwenda kumwona Wahu kwa kaka yake, kule mjini Kikuyu. Nilitaka anitukane. Njia nzima nilikuwa najitayarisha. Hakunitukana. Alinisalimu vizuri, akauliza magoti, akauliza wewe. Unajua Dagoretti tulikuwa tunakunywa chai jikoni tumekalia magunia, kikombe kimoja, yeye akibakisha mimi namalizia. Jumapili alinikalisha sebuleni kwa kiti cha kitambaa, akaniletea chai kwa kikombe cha wageni, na kisahani chini yake. Yeye hakunywa. Aliniuliza kama niongezewe. Nikasema nimeshukuru. Akachukua kikombe akaenda kukiosha, nikasikia maji, halafu nikasikia yamefungwa, na hakurudi.

Nilikaa pale mpaka mke wa kaka yake akaja kuuliza kama kuna mtu namngojea.

Mama yako,
Nanjala