Mlango Ulionitengenezea

Majengo, Meru
Jumapili, tarehe 17 Novemba

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zangu za heshima na mapenzi, mimi binti yako Ednah, pamoja na za mume wangu Gikunda na za mjukuu wako Kananu, ambaye sasa anatembea akishika ukuta. Sisi huku tuko salama, ila baridi ya mwezi huu imetuonea na mtoto alikuwa na kikohozi. Amepona. Wewe je, mgongo bado unakusumbua? Na mvua imefika Kiritiri, au mnaiona tu kwa mbali upande wa mlima? Nimesikia yule mbuzi mweusi amezaa mapacha, nikafurahi sana.

Carol, dada yangu, najua ni wewe unayemsomea Baba. Tafadhali soma yote, polepole, usiruke mahali. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu Baba huniuliza swali moja tu nami nikasahau yote niliyopanga kusema.

Baba, nyumba yetu ya Mikinduri imekaribia kwisha. Mabati yalishapigwa, plasta imekauka, madirisha yana vioo. Mwezi wa nane kilichobaki kilikuwa mlango wa mbele, na sikujua mlango mmoja unaweza kumchanganya mtu akili kiasi hiki.

Gikunda ndiye aliyeanza. Alinipeleka duka moja hapa mjini ambako mama mmoja anayeitwa Gladwell anauza milango ya faibaglasi. Ukiutazama unafikiri ni mbao, hata mistari ya mti iko, lakini ni nyuzi za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Gladwell alituambia haushiki kutu, haufuri wakati wa mvua, wala haudai rangi kila mwaka. Nilitoka pale nimekubali kabisa. Siku ya pili tukaenda Mikinduri, na mama mkwe wangu, Mama Kagwiria, akaniuliza ni nani aliyewahi kuona nyumba inafungwa kwa kioo. Akanikumbusha jinsi wezi walivyovunja mlango wa stoo yao na kubeba magunia ya miraa yaliyokuwa yakingoja gari. Nikaona anasema kweli, ni heri chuma. Nikarudi Majengo, jirani yetu muuza nyama akanionyesha mlango wake wa chuma ulivyoliwa na kutu upande wa chini kwa sababu ya mvua ya Meru, nikaona ni heri faibaglasi. Nikarudi kwa Gladwell ili animalizie mashaka, naye kwa sababu ni mtu mkweli akayaongeza. Alisema chuma kikigongwa vibaya fundi yeyote atakinyoosha na kukichomelea, lakini faibaglasi ikipasuka sana unanunua mwingine.

Asubuhi nilikuwa wa chuma na jioni nilikuwa wa faibaglasi. Gikunda aliniuliza mimi mwenyewe nataka nini. Nilimjibu kwamba sijui, na akacheka, akasema basi tuweke pazia. Hata hivyo mwishowe tuliamua faibaglasi, tukaagiza.

Wiki ileile ndipo uliponipigia simu. Carol alikuwa amekueleza kwamba tunahangaika na mlango, nawe ukasema, nakumbuka kila neno, “Mtoto wa fundi Ndambiri hanunui mlango dukani. Wako nimeshaukata, naanza kuuchomelea kesho.” Ningekuambia palepale kwamba tumeagiza mwingine. Sikuweza. Nilisema asante Baba. Nilipomweleza Gikunda nilidhani atakasirika, lakini alisema mlango wa mkono wa baba hauwezi kukataliwa, wa duka tutauweka nyuma. Nilishangaa, maana ndiye aliyekuwa ameupenda zaidi.

Lakini moyoni sikutulia, na sababu yake sikumwambia yeyote. Pasaka nilipokuja kukusalimu, nilikupata kwenye kibanda chako sokoni ukipima nondo. Ulikuwa unatafuta alama za tepu kwa ukucha wa kidole gumba. Baadaye ulinyoosha mkono kuchukua koleo, ukashika chuma ulichokuwa umetoka kukichomelea. Uliniambia ni kawaida ya kazi. Nilikufunga kitambaa tukaongea habari za mvua. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini siku ile sikuuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza.

Mlango ulifika na lori la Rwamba, lile linalobeba mchanga, ukiwa umefungwa kwa magunia vizuri kama kitu cha harusi. Gikunda alimwita fundi mmoja wa Mikinduri anayeitwa Bundi, mtu wa makamo asiye na maneno mengi. Walianza kuufunga asubuhi. Kufika saa nane walikuwa wameutoa na kuurudisha mara nne. Walichonga ukuta upande mmoja, wakaongeza saruji upande wa pili. Gikunda ndiye hakutaka kuacha. Alivua shati akawa anausukuma kwa bega huku mama yake akitazama. Juu unafika, chini unabaki wazi kiasi cha vidole vitatu. Bawaba haziko kwenye mstari mmoja. Lile ua lako la katikati, ambalo watu wa Kiritiri wanalijua hata bila kuuliza ni kazi ya nani, petali zake mbili zimeshikwa na mbili zinaning'inia.

Bundi alipitisha mkono pale palipochomelewa, polepole, kisha akaniita kando. Aliniambia, “Mama, aliyetengeneza huu anaijua kazi kuliko mimi. Lakini haoni.”

Niliingia jikoni nikasimama tu.

Sasa Baba, nisikilize, maana hapa ndipo nilipokosea. Jioni ile ulipiga simu kuuliza kama umeingia. Nilikuambia umeingia kama ulizaliwa pale. Ukaomba picha. Nilimwambia Gikunda auegemeze kwenye fremu, tukaweka jiwe nyuma, nikasimama mbele yake nikificha upande ulio wazi, nikatuma kwa Carol. Carol, hata wewe nilikudanganya. Gikunda alikataa mwanzoni, akasema mzee ataumia zaidi akijua baadaye. Nilimwambia anyamaze kwa sababu ni baba yangu, si wake. Hatukuzungumza mpaka kesho yake.

Nilidhani nimekutunzia heshima na mambo yameisha. Kisha wiki iliyopita Carol akanipigia kwa furaha, akasema umekuwa ukiwaelekeza watu waone picha ya mlango wa Ednah kwenye simu yake, na kwamba kanisa limekupa kazi ya milango na ngazi ya nje ya darasa la watoto wa chekechea. Carol alisema hujafurahi hivyo tangu Mama afariki. Nami nilikata simu. Ngazi, Baba. Watoto watapanda ngazi ile kwa sababu ya picha yangu.

Tangu siku hiyo nimezunguka na jambo hili kama nilivyozunguka na milango ile miwili. Nikisema nikuambie, naona jinsi utakavyokaa kimya na kuangalia mikono yako. Nikisema ninyamaze, naona mtoto wa mtu akianguka. Nilifikiri kumwambia pasta bila wewe kujua, nikaona huo ni uongo wa pili. Ndiyo maana nimeandika.

Mlango ulioko mbele ya nyumba yetu leo ni ule wa duka. Ni mzuri, sitakudanganya tena. Hujifunga taratibu, hata tukiwa huko simsikii Gikunda akiingia. Wako uko uani, juu ya matofali, nimeufunika kwa turubai usinyeshewe. Bundi anasema anaweza kuukata na kuunyoosha kwa siku moja, lakini nimekataa mkono wa mtu mwingine uuguse kabla hujasikia kutoka kwangu. Sijui kama hiyo ni heshima au ni woga wangu uleule. Ukisema akate, atakata. Ukisema ungoje mpaka macho yako yaangaliwe, utangoja.

Kwa maana kuna jambo hilo pia. Mama Kagwiria aliponiona sili, nilimweleza yote. Sikutegemea, maana mimi na yeye tulikuwa tumeshindana sana juu ya mlango. Hakunilaumu. Alisema hata yeye miaka miwili iliyopita alikuwa akimsalimia ng'ombe wa jirani akidhani ni mtu, mpaka walipomtoa ukungu kwenye jicho hapa mjini, na siku hizi anasoma Biblia mwenyewe. Sisemi ni ugonjwa uleule. Moto wa kuchomelea miaka thelathini bila miwani ya maana huenda umefanya mengine. Mimi sijui, daktari ndiye atajua. Nimeomba nafasi kliniki ya macho siku ya Jumatatu, tarehe mbili Desemba.

Maombi ya kubariki nyumba ni Jumamosi, tarehe thelathini. Gikunda atakuja kukuchukua Ijumaa, yeye mwenyewe. Kama utakuwa na hasira, njoo na hasira yako. Kama hutaki kliniki, njoo tu tule pamoja, na Jumatatu tutabishana. Lakini naomba, kabla ya Ijumaa, umwambie pasta angoje na ile ngazi. Ukishindwa kumwambia, nitakuja Kiritiri nisimame nawe tumwambie pamoja, nami nieleze habari ya lile jiwe nililoweka nyuma.

Nakuomba msamaha kwa picha, na kwa Pasaka pia. Mlango wako ni mkubwa na mzito, na tukienda Mikinduri Kananu hupenda kuingia chini ya turubai akaupiga kwa kijiko. Unalia sana. Hatumkatazi.

Nisalimie shangazi, na mwambie sufuria yake ninayo. Msalimie Rwamba na watu wote wa sokoni wanaoniuliza. Carol, asante kwa kusoma. Baba akinyamaza usimharakishe, na usimjibie.

Mungu akulinde mpaka tutakapoonana Ijumaa.

Ni mimi mtoto wako akupendaye,
Ednah