Kioo cha Kombi

Jumapili, 5 Aprili 1964

Tumerudi kutoka misani kwa miguu. Kwa miguu! Watoto tisa mbele, viatu mikononi, na watu wa mtaa wetu wa Kimanga wamesimama milangoni wanatutazama. Kamioneti yetu imekufa. Thaddée anasema imechoka tu, lakini gari linalotoa mafuta chini na moshi juu halijachoka, limekufa. Lilitubeba tangu mwaka wa uhuru, Mungu alilaze pema.

Lazima tununue jingine. Watoto sita ni wetu, watatu ni wa marehemu Donatien, kaka yake Thaddée, na hao nao sasa ni wetu. Jioni tumeshagombana. Mume wangu anataka gari la heshima, la karani wa serikali pale teritware kama yeye: viti, vioo, milango inayofungwa. Mimi nataka kamioneti tena. Vikapu vyangu vya ndagala, dagaa wa ziwani, vya kwenda kuuza Usumbura, ng'ambo ya mpaka, nitavibeba kichwani? (Siku hizi wanasema Bujumbura. Ulimi wangu haujazoea.)

— Weye unataka motokari ya batoto ao ya samaki? ameniuliza.

Nimemwambia batoto wanakula kwa sababu ya samaki. Amenuna, amekwenda kuvuta sigara barazani.

Jumatano, 8 Aprili

Tumekwenda kuona Kombi ya Mgriki, yule wa duka la vitambaa hapa Kimanga. Anafunga duka, anahamia ng'ambo. Hasemi kwa nini. Hakuna asiyejua kwa nini: habari za waasi.

Kombi ni ya kijani na nyeupe. Mbele haina pua! Watoto wameizunguka wakitafuta injini, kumbe iko nyuma, chini ya kiti cha mwisho. Atakayekaa pale ataiva. Nafasi za watu tisa. Ndani inanuka kahawa na sabuni. Thaddée amekaa kwenye usukani, amerekebisha kile kioo kidogo cha kuangalia nyuma, amejitazama ndani yake, amenyoosha tai. Nimemwona. Hapo hapo nikajua nimeshindwa.

Lakini sijasema ndiyo.

Jumamosi, 11 Aprili

Zamu yangu. Nimempeleka kwa Révérien, anayeuza Chevrolet yake. Kamioneti kweli kweli: kabini mbele, sanduku la mbao nyuma, turubai ya mvua. Watoto wote wanaingia, na ndagala, na hata ng'ombe akipatikana. Révérien amepiga bati kwa kiganja, anasema hii iko inapanda milima ya Mulenge bila kupumua. Thaddée amepiga magurudumu teke kidogo, uso umemkunjamana. Batoto yangu si mihogo, amesema.

Nimecheka mbele ya Révérien. Vibaya, najua. Njia nzima ametembea mbele yangu.

Alhamisi, 16 Aprili

Leo hakuna aliyezungumza habari ya gari. Bondeni kumewaka. Waasi wameshuka, wana mikuki na majani kichwani, wanasema risasi zinageuka maji. Wanajeshi wamepita mbio kwenda kaskazini, wakiimba. Baada ya saa sita wamerudi wachache, na hao hawakuimba.

Mama yangu yuko peke yake kule Mulenge. Nimeunguza ugali. Sina akili.

Jumatatu, 20 Aprili

Mama amefika! Amekuja kwa miguu kutoka mlimani, akapitia Nyakabere, jembe begani, jogoo kwapani. Nyumba ya jirani yake imechomwa. Nimemuuliza na nani, waasi au wanajeshi.

— Bote beko na kiberiti, amejibu.

Nimelia, nimecheka, nimemkanda miguu kwa maji ya moto. Halafu mambo yetu ya zamani yameanza upya. Mama ni mtu wa desturi za kwao mlimani: mama na mume wa binti yake hawatazamani usoni, na mama halitamki jina la mkwe wake. Miaka kumi na saba nimeolewa, sijamsikia hata mara moja akisema "Thaddée". Ni "ule muntu", na akiwa amefurahi sana, "baba ya Sabine". Thaddée naye, pamoja na vyeti vyake vyote, anamheshimu. Kabla ya kuingia uani anakohoa, Mama apate kugeuka au kujifunika kikwembe. Leo amekohoa toka lango mpaka mlango wa jikoni. Sabine wetu, mkubwa wa wote, anasema nyumba imekuwa hospitali ya kifua.

Jumatano, 22 Aprili

Nimeshinda! Na aliyenishindia ni Mama, bila kujua. Ndani ya Kombi wote wanakaa chumba kimoja, dereva na abiria. Mama hawezi. Kwenye kamioneti, Thaddée kabini, Mama nyuma na watoto, ubao katikati, heshima imekaa mahali pake. Thaddée amekuna kichwa, amekubali. Jumatano ijayo tunakwenda kuichukua kwa Révérien.

Sasa si ya misa tena, wala ya ndagala. Tunajua sote ni ya nini. Ni ya kuvuka mpaka pale Kavimvira, sote pamoja, siku ikifika. Hatujalisema neno hilo mbele ya watoto.

Jumatano, 29 Aprili

Tumefika kwa Révérien saa tatu asubuhi. Wanajeshi walikuwa wamefika kabla yetu. Wawili kabini, wengine sanduku limejaa, turubai wameitupa ziwani. Révérien amesimama katikati ya barabara, ufunguo wa akiba mkononi. Wamemwambia ni ya serikali, ataandikiwa karatasi. Karatasi yenyewe hakupewa.

— Banaiba mchana! amesema, lakini kwa sauti ndogo.

Kila chenye sanduku la kubeba watu kinachukuliwa, na upande huu na upande ule. Mimi na ujanja wangu! Kama ningenyamaza tangu mwanzo, Kombi ingekuwa uani kwetu wiki tatu sasa. Thaddée hakunilaumu, na hilo limeniuma zaidi.

Jumamosi, 2 Mei

Tumechukua Kombi. Mgriki ametukabidhi haraka haraka, karibu atusukume nje ya lango, ameondoka adhuhuri na boti ya jamaa yake.

Tumeijaribu. Watoto wamejipanga, wadogo magotini kwa wakubwa, nafasi ikatosha. Mama nimemweka kiti cha katikati, nyuma ya dereva, kikwembe usoni. Thaddée amekohoa, amepanda, amewasha. Nikapumua. Tumefika kwenye kona ya soko, Mama akapiga kelele.

— Simamisha! Minye natoka!

— Mama, anakupa mgongo!

— Mgongo gani? Macho yake iko mu kioo!

Kweli. Kioo kidogo, Mama mzima ndani yake. Ametoka, ametembea nyumbani kwa miguu na jembe lake (siku hizi haliachi). Thaddée amebaki kwenye usukani, mkono juu ya macho, masikini, anakohoa bila sababu.

Tumejadili mpaka chakula kikapoa. Kung'oa kioo? Thaddée hataki: nitajuaje nani iko ananifuata? Kutundika pazia? Ataona nini nyuma? Mama anasema muende, mimi nitabaki na jogoo. Nilitaka kumzaba kofi mama yangu mwenyewe, Mungu anisamehe. Ndipo Sabine akasema, mdomo umejaa maharage:

— Si mama ndiye aendeshe?

Thaddée amenitazama. Masista wanaendesha, nimesema. Masista hawana mume wa kuwacheka, amejibu. Lakini hakucheka.

Jumatatu, 4 Mei

Somo la kwanza, kwenye mchanga kando ya ziwa. Ambreyaji! Ambreyaji! Amepiga kelele mpaka wavuvi wakaacha nyavu. Kombi imeruka, imezima, imeruka, imezima. Mguu wangu wa kushoto, wa kukanyaga hiyo ambreyaji, haunisikii. Nimemwambia akinipigia kelele tena nitaiingiza ziwani na yeye ndani. Akanyamaza. Gari likaenda! Mpaka kwenye mawe na kurudi.

Nimefurahi, siwezi kuficha. Nchi inaungua na mimi nimefurahi.

Alhamisi, 7 Mei

Leo na Mama ndani. Thaddée kakaa mbele kulia, uso dirishani. Kwenye kioo nimemwona Mama ameketi wima, kikwembe kimeshuka mabegani. Ananitazama mimi. Nimemtabasamia, akanikemea: angalia barabara, weye!

Jumapili, 10 Mei

Étienne hajarudi. Karani mwenzake Thaddée, meza zao zinatazamana. Alikwenda bondeni kumchukua dada yake. Mwanamke mmoja aliyetoka huko anasema miwani yake ameiona kwenye uso wa mtu mwingine.

Waasi wanaangalia viganja. Kiganja laini ni cha karani, karani ni "pe-en-pe". Ndilo jina wanalompa kila wanayesema alikula na Wazungu. Thaddée alipewa kiti chake baada ya Wazungu kwenda! Nani atawaeleza hayo? Viganja vyake ni laini kuliko vya watoto wake. Usiku na mchana naviona.

Namwambia tuondoke kesho. Anasema mtumishi wa serikali haachi kazi bila ruhusa. Ruhusa! Nimetupa sahani.

Jumatano, 13 Mei

Wakubwa wake wameondoka jana bila kumuaga mtu. Leo asubuhi ameikuta ofisi wazi, mbuzi ndani. Amefunga mlango, amerudi na funguo, amekaa barazani. Nimemwambia sasa ruhusa umepewa na mbuzi. Sikutaka kumchekesha. Amecheka mpaka machozi, halafu yakabaki machozi matupu.

Esansi ya gari ipo, dumu moja chini ya kitanda. Tunaondoka keshokutwa alfajiri. Mimi usukani.

Ijumaa, 15 Mei

Naandika ndani ya gari. Daftari juu ya usukani, kalamu ya risasi. Nisipoipa mikono kazi, hofu itaonekana. Kwa mbali nitaonekana mchuuzi anayepiga hesabu zake.

Tulitoka kukiwa na ukungu. Wanajeshi hakuna, hata mmoja, mji mtupu, kofia zao barabarani. Thaddée kando yangu, Mama na watoto nyuma. Sikuzima injini hata mara moja. Baada ya kona, kabla ya Kavimvira, mti umelazwa njiani na magari yamepanga mstari. Vijana wenye majani kichwani. Niliangalia kioo nirudi nyuma: lori limeshatuziba.

Gari la kwanza walimtoa mwanamume mmoja. Wakamgeuza viganja. Wamemkalisha chini, kando ya barabara, bila shati. Bado yupo pale.

Thaddée amesema, polepole, nishuke mimi, muende na batoto. Ameshika kitasa cha mlango. Nikamshika mkono, nikasema nitapiga yowe hapa hapa. Ndipo Mama, nyuma yetu:

— Apolline, ambia muntu yako apite huku. Chini ya miguu yangu.

Thaddée hakusogea. Mtu anakaribia kufa na bado ana haya! "Pale siwezi," amesema, "mama yako." Nimemsukuma kwa bega langu lote. Amepita juu ya kiti, kichwa kwanza, amelala sakafuni. Mama amefungua kikwembe chake cha pili, amemfunika, ameweka miguu yake miwili mgongoni kwake, kikapu cha ndagala juu ya kichwa. Sabine amemvua viatu, amevivaa yeye. Anne-Marie, mtoto wetu wa mwisho, anauliza papa analala? Sabine anamwambia ndiyo, analala, tusimwamshe. Anamwimbia taratibu. Ee Mungu, asiimbe neno "papa".

Yamebaki magari mawili mbele.

Wanafungua milango. Wanatia mkono chini ya viti. Wanawake wanawauliza waume wako wapi. Nitasema amekufa. Hapana, nitasema amenikimbia. Hilo litawachekesha, na mtu akicheka hatazami chini sana.

Limebaki moja. Kijana wa pembeni ameshatuona, anakuja kwa miguu, anahesabu watoto kwa ncha ya mkuki.

Chini ya kikwembe nimesikia koo la Thaddée. Kile kikohozi chake! Miaka kumi na saba, akimkaribia Mama tu, kinakuja chenyewe. Nimeangalia kioo. Mama hajajifunika uso. Ameinama mpaka magotini kwake, mkono wake uko ndani ya kikwembe, juu ya mdomo wa mume wangu, na nimemsikia anasema:

— Thaddée. Leo usikohoe.