Kazi Yako Imefika Mollo

Mollo,
S.L.P. 212,
Sumbawanga.
18 Juni 1995

Mpendwa mdogo wangu Jovina,

Shikamoo yako ya mwezi wa nne niliipokea, marahaba sana. U hali gani huko Uskoti, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa theluji kimepona? Sisi tu wazima. Baridi ya Juni imetupata sawasawa, upepo hautulii, na mama hatoki jikoni mpaka jua lipande. Magoti yanamsumbua lakini anakula vizuri.

Mahindi tumevuna. Siku hizi wafanyabiashara wanayafuata hukuhuku kwa malori yao wenyewe, si kama zamani tulipokuwa tukingojea ushirika. Ukija Kizwite pale mjini utapotea, maduka yamejaa mpaka barabarani.

Lakini hayo si yaliyonikalisha chini kuandika. Baada ya Pasaka alifika hapa binti mmoja anaitwa Herieth, mwalimu mpya wa biolojia katika sekondari moja ya mjini. Aliulizia njia tangu Kizwite: "Kwao Dokta Jovina ni wapi?" Mimi nikadhani umepatwa na jambo, nikatoka mbio na jembe mkononi.

Kumbe alitaka tu kupaona ulikozaliwa. Alisema mhadhiri aliyemfundisha Dar es Salaam ni mwanafunzi wako. Akasema michoro yako ya mayai ya chura, jinsi mfereji wa mgongoni mwa kiumbe kinachoumbika ndani unavyojikunja mpaka ukafunga, ndiyo wanayojifunzia hata katika nchi usizowahi kufika. "Mimi ni kama mjukuu wake wa masomo," akasema, akampigia mama goti.

Mdogo wangu, nilijiona mrefu siku ile. Niliona na aibu pia. Mwaka ule ulipopata nafasi ya kwenda ng'ambo, ni mimi niliyesema mbele ya ukoo kwamba serikali inakupeleka ukaangalie mayai ya vyura. Watu walicheka, wewe ukainamia sahani yako. Sijawahi kukuomba radhi. Naomba leo.

Mama alikuwa akichagua maharage, nikadhani hasikilizi. Mara akauliza, "Na huo mgongo usipofunga?"

Herieth akajibu, "Kwa binadamu, mtoto huzaliwa mgongo ukiwa wazi, bibi. Wengi hawaishi."

Mama akaweka ungo chini.

Wewe ulikuwa na miaka minne mdogo wako Alfonsi alipozaliwa, labda humkumbuki. Aliishi siku tisa. Mimi nilikuwa na kumi na miwili, niliuona mgongo wake, na nilimsikia shangazi akisema mama amevunja mwiko. Mama hakumjibu siku ile wala mwaka wowote uliofuata. Ila tangu hapo hakupokea tena mtoto mchanga mikononi. Hata wanangu aliwabeba walipokuwa wameshaanza kukaa. Watu walidhani ni ukali tu.

Nilimweleza Herieth yote hayo nilipomsindikiza. Jumamosi akarudi na mayai mawili aliyoyatoa chini ya kuku anayeatamia, moja la siku mbili na jingine la siku tatu. Alikaa na mama uani, akakata ganda kwa mkasi mdogo, akampa kioo cha kukuzia. Katika yai la kwanza alimwonyesha kitu kama uzi, kingo zake mbili zikiwa zinakutana. Katika la pili palikuwa na nukta nyekundu.

"Inapiga," mama akasema.

"Ni moyo, bibi. Na kwa binadamu ule mgongo hufunga mapema sana, kabla mama hajajua vizuri kwamba ana mimba."

"Kwa hiyo sikujua hata kama yupo?"

"Hukujua. Usipofunga, si kwa sababu ya mwiko. Hukumkosea mtoto wako."

Mama alishika lile yai mpaka likapoa. Hakulia. Kesho yake baada ya misa akataka nimpeleke kwa Scola, mkwe wangu, aliyekuwa amejifungua binti wiki ile. Alinyoosha mikono mwenyewe, Scola akampa, na hakumrudisha mpaka mtoto alipolilia ziwa.

Sijui kama kazi hii uliichagua kwa ajili ya Alfonsi. Hukutuambia, nami sikuulizi. Najua tu kwamba wanakusoma watu wengi wenye elimu, na mmoja asiyejua kusoma.

Binamu yetu Lazaro wa Matai anakusalimu pamoja na nyumba yake yote. Scola naye anakusalimu, na Mwalimu Herieth anakupa shikamoo kwa heshima zote. Mungu akulinde huko uliko, na macho yako yasichoke.

Mama amekaa hapa pembeni yangu. Anasema nikuandikie hivi: "Mwanangu, ulichokwenda kukitafuta nimekiona."

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kujivunia kuzaliwa nawe,

Eustaki